905 ilipoingia kwenye milioni: uchambuzi wa jedwali la nafasi za tarakimu

Lahajedwali hili la Excel lilikuwa na kazi moja. Safu A ilibeba orodha ya namba, kubwa kabisa ikiwa na tarakimu saba. Safu B hadi H zilikuwa na vichwa: Milioni, Laki, Makumi Elfu, Maelfu, Mamia, Makumi, Mamoja. Mwalimu aliyelitumia alitaka kwamba akiandika namba yoyote kwenye A, kila tarakimu ijipange yenyewe chini ya jina la nafasi yake, ili karatasi ya mazoezi na karatasi ya majibu zitoke mahali pamoja. Namba ya kwanza ilikuwa 4,072,609. Fomula ikaandikwa, ikaburutwa kulia, na majibu yakaja sawasawa: 4, 0, 7, 2, 6, 0, 9. Ikaburutwa chini. Mistari miwili baadaye, 905 ilikuwa imekaa na 9 yake kwenye Milioni, 0 kwenye Laki na 5 kwenye Makumi Elfu.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu kila kiraka kilichowekwa kilifichua kosa jingine, na makosa yote yanatokana na swali moja: nafasi ya tarakimu huhesabiwa kutoka upande gani?

Orodha yenyewe ni hii, maana tutairudia: A3 ni 4,072,609, A4 ni 58,310, A5 ni 905, A6 ni 300,018, A7 ni 0, A8 ni 7, A9 ni -345. Mstari wa 1 una majina ya nafasi. Mstari wa 2 mwanzoni ulikuwa mtupu, na utupu huo ni sehemu ya tatizo.

Fomula ya kwanza: kukata maandishi

Kwenye B3 kulikuwa na:

`=MID($A3,COLUMNS($B3:B3),1)`

COLUMNS inahesabu safu: kwenye B inatoa 1, kwenye C inatoa 2, na kuendelea hivyo hadi 7 kwenye H. MID inachukua herufi moja kuanzia hapo. Yaani fomula inasema: nipe herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kutoka kushoto. Kwa namba ya tarakimu saba katika jedwali la safu saba, herufi ya kwanza kutoka kushoto ndiyo milioni. Kwa 905, herufi ya kwanza ni mamia. Fomula haijui hilo, kwa sababu haioni namba, inaona mfuatano wa herufi tu.

Bahati mbaya ni kwamba namba ya kwanza kwenye orodha ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, hivyo jaribio lilipita. Jaribio la jedwali la nafasi lisifanywe kwa namba inayojaza safu zote. Lifanywe kwa 7, kwa 0, na kwa namba yenye sifuri katikati.

Kulikuwa na dalili ya pili ambayo ni rahisi kuipita. Tarakimu zote zilijipanga upande wa kushoto wa seli. Namba, usipogusa umbizo, hukaa kulia. Maandishi hukaa kushoto. MID hutoa maandishi hata kama yanaonekana kama 4. Mwalimu alipoongeza safu ya ukaguzi kwa SUM, ilitoa 0 kila mstari, kwa kuwa SUM hupuuza maandishi yaliyomo ndani ya seli inazosoma.

Kiraka: kujaza sifuri mbele

Marekebisho ya kwanza yalikuwa kuifanya kila namba iwe na urefu wa tarakimu saba kabla ya kuikata:

`=--MID(TEXT($A3,"0000000"),COLUMNS($B3:B3),1)`

TEXT inageuza 905 kuwa 0000905, na alama mbili za kutoa mbele ya MID zinarudisha maandishi kuwa namba. Mistari sita ya kwanza ikawa sahihi. Kwa orodha ya namba nzima chanya zisizozidi tarakimu saba, kiraka hiki kinatosha, na hakuna sababu ya kumlaumu anayekitumia.

Kinavunjika mahali patatu. Kwa -345, TEXT inatoa -0000345, herufi nane, hivyo alama ya kutoa inaangukia Milioni (hapo seli inaonyesha #VALUE!, kwa sababu alama peke yake haigeuki kuwa namba) na tarakimu ya mwisho, 5, haionekani popote. Kwa 12,345,678, herufi pia ni nane, hivyo Milioni inapata 1 badala ya 2, kila tarakimu inasogea nafasi moja, na 8 inapotea. Na kwa 12.78, TEXT inakadiria kwanza: jedwali linaonyesha 13, bila onyo lolote. La tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu jibu linaonekana zuri.

Fomula inayofuata maana ya nafasi

Nafasi ya tarakimu huanzia kwenye mamoja na kwenda kushoto, kila hatua ikizidisha kwa 10. Basi jedwali liambiwe hivyo waziwazi. Kwenye mstari wa 2 ziliandikwa thamani za nafasi, kama namba halisi: B2 ni 1000000, C2 ni 100000, D2 ni 10000, E2 ni 1000, F2 ni 100, G2 ni 10, H2 ni 1. Fomula ya B3 ikawa:

`=MOD(INT($A3/B$2),10)`

Ifuate kwa mkono kwenye 58,310, nafasi ya maelfu. 58,310 ÷ 1,000 ni 58.31. Kugawanya kumezisukuma tarakimu zilizo kulia kwa maelfu zikavuka nukta. INT inazikata, inabaki 58. Sasa tarakimu tunayoitaka iko kwenye mamoja, lakini mbele yake kuna 5 isiyotakiwa. MOD kwa 10 inatoa baki la kugawanya kwa 10, yaani inabakiza mamoja tu: 8. Hatua mbili, moja inaondoa vya kulia, nyingine inaondoa vya kushoto. Kwa mamia: 583.1, kisha 583, kisha 3.

Kwa 905 nafasi ya maelfu: 0.905, INT inatoa 0, MOD inatoa 0. Namba fupi haihitaji kujazwa chochote. Nafasi isiyofikiwa inapata sifuri yenyewe, kama inavyopaswa kuwa.

Alama za dola ndizo zilizoleta ugomvi hapa. `$A3` inaganda kwenye safu A lakini inashuka na mstari. `B$2` inaganda kwenye mstari wa 2 lakini inahama na safu. Toleo la kwanza liliandikwa bila dola, `=MOD(INT(A3/B2),10)`, na likakaribia kudanganya kabisa. Likiburutwa kulia, C3 inasoma B3 badala ya A3: inagawanya 4 kwa 100,000 na kupata 0. Na tarakimu ya laki katika 4,072,609 ni 0 kweli! Kosa linaonekana kwenye D3 ndipo, inapotoa 0 badala ya 7. Likiburutwa chini, B4 inagawanya 58,310 kwa B3, yaani kwa 4, na kutoa 7, ilhali 58,310 haina milioni hata moja. Kwenye D3 na B4 hakuna hitilafu iliyoandikwa, majibu ni tarakimu za kawaida, na yote mawili ni ya uongo.

Kichwa "Laki" kilichaguliwa badala ya "Mamia ya Maelfu", na ni chaguo zuri: kifupi, na kinaendana na usomaji. 300,018 ni laki tatu na kumi na nane. Lakini sikiliza usomaji huo: mdomo umeruka makumi elfu, maelfu na mamia bila kuzitaja. Mwanafunzi anayeandika anachokisikia huandika 30018 au 3018. Jedwali lipo hasa kwa ajili ya sifuri hizo tatu zisizotamkwa, na ndiyo maana kuzificha zote kwa urahisi wa macho ni kosa. Tutarudi hapo.

Namba hasi na jibu la ajabu la 9,999,655

Fomula mpya ilipofika A9 ilitoa 9, 9, 9, 9, 6, 5, 5. Hakuna hata tarakimu moja ya 3 wala 4.

Sababu ni mbili zinazofanya kazi pamoja. INT haikati tu. Inashuka hadi namba nzima iliyo chini. INT ya 34.5 ni 34, lakini INT ya -34.5 ni -35. Na MOD hutoa baki lenye alama ya kigawanyo, hivyo MOD(-35,10) ni 5, si -5. Kwa makumi unapata 5 badala ya 4. Kwa mamia: -3.45 inashuka hadi -4, na baki ni 6. Kuanzia maelfu kwenda kushoto, kila mgawanyo uko kati ya -1 na 0, INT inatoa -1, na MOD inatoa 9. Zikisomwa pamoja, tarakimu hizo ni 9,999,655, ambayo ni 10,000,000 toa 345. Fomula haikuchanganyikiwa: imezunguka kama kipimo cha umbali cha gari kinachorudishwa nyuma kupita sifuri.

Dawa ni kuondoa alama kabla ya kugawanya:

`=MOD(INT(ABS($A3)/B$2),10)`

Wapo wanaobadilisha INT kwa TRUNC, ambayo hukata kuelekea sifuri. Peke yake haitoshi: TRUNC inatoa -34, kisha MOD(-34,10) inatoa 6. ABS inamaliza yote mawili. Alama ya hasi ibaki kwenye safu A. Haina nafasi kati ya tarakimu.

Safu ya ukaguzi

Jedwali lolote la nafasi linapaswa kuweza kujirudisha kuwa namba iliyoanza nayo. Kwenye L3 iliwekwa:

`=SIGN($A3)*SUMPRODUCT($B3:$H3,$B$2:$H$2)=$A3`

SUMPRODUCT inazidisha kila tarakimu kwa thamani ya nafasi yake, kisha inajumlisha. SIGN inarudisha alama ya hasi. Ikilingana na A3, seli inaonyesha TRUE. Ukaguzi huu ungekuwapo siku ya kwanza, kosa la 905 lingejitangaza lenyewe. Hata tarakimu za MID zilizobaki kuwa maandishi zingenaswa, kwa kuwa SUMPRODUCT yenye mkato kati ya masafa (yaani vikundi vya seli kama B3:H3) huhesabu maandishi kuwa sifuri. Usibadilishe mkato huo kuwa nyota. `B3:H3*B$2:H$2` hugeuza maandishi ya tarakimu kuwa namba kimyakimya, na seli yenye maandishi matupu huleta #VALUE!, hivyo ukaguzi unapoteza maana mara mbili.

Tarakimu, thamani, na idadi

Baada ya tarakimu kukaa sawa, mazoezi yalihitaji majibu zaidi, na hapa kosa lilikuwa la maneno kabla ya kuwa la fomula. Katika 58,310 kuna maswali matatu tofauti kuhusu makumi. Tarakimu iliyo kwenye makumi ni 1. Thamani ya tarakimu hiyo ni 10. Na makumi yaliyomo ndani ya namba nzima ni 5,831. Karatasi ya mazoezi ilikuwa na swali "58,310 ina makumi mangapi?" na karatasi ya majibu ikatoa 1. Mwanafunzi aliyeandika 5,831 angepewa kosa kwa jibu sahihi.

`=MOD(INT(ABS($A4)/10),10)` hutoa tarakimu, 1.

`=10*MOD(INT(ABS($A4)/10),10)` hutoa thamani, 10.

`=INT(ABS($A4)/10)` hutoa idadi, 5,831.

Tofauti ya ya kwanza na ya tatu ni MOD peke yake. Anayefundisha nafasi za tarakimu ataona kuwa fomula zenyewe zinaeleza somo vizuri: MOD ndiyo inayosema "tazama nafasi hii tu, sahau vilivyo kushoto".

Thamani inaweza pia kupatikana bila kupitia tarakimu, kwa kutoa mabaki mawili: `=MOD(A4,1000)-MOD(A4,100)` ni 310 toa 10, yaani 300, thamani ya tarakimu ya mamia. Ni njia safi kwa namba chanya.

Kwa umbo la kujumlisha, lile la 300,000 + 10 + 8, fomula ya mstari wa 6 ilikuwa:

`=IF($A6=0,"0",TEXTJOIN(" + ",TRUE,IF(B6:H6>0,TEXT(B6:H6*B$2:H$2,"#,##0"),"")))`

IF ya nje ipo kwa ajili ya A7 tu, kwa sababu namba 0 haina tarakimu iliyo kubwa kuliko sifuri na TEXTJOIN, inayounganisha vipande vya maandishi, ingeacha seli tupu. Excel ya 2019 inataka fomula hii ikamilishwe kwa Ctrl+Shift+Enter. Matoleo yaliyofuata hayahitaji. Google Sheets inataka yote ifungwe ndani ya ARRAYFORMULA. Excel iliyotangulia 2019 haina TEXTJOIN, na hapo ni bora kuunganisha vipande saba kwa & kuliko kutafuta ujanja.

Kuficha sifuri za mbele bila kuziua

Mwalimu hakupenda kuona 0, 0, 0, 0, 9, 0, 5. Ni haki yake: sifuri nne za mwanzo si sehemu ya uandishi wa 905. Lakini sifuri ya makumi lazima ibaki. Jaribio la kwanza lilikuwa kuweka maandishi matupu:

`=IF(ABS($A3)<B$2,"",MOD(INT(ABS($A3)/B$2),10))`

Mambo mawili yakaharibika papo hapo. Mstari wa A7, wenye 0, ukawa mtupu kabisa, kwa kuwa 0 ni ndogo kuliko 1. Na fomula ya umbo la kujumlisha ikajaa #VALUE!. Sababu ya hili la pili inafaa ikumbukwe: katika Excel, maandishi yakilinganishwa na namba huhesabiwa kuwa makubwa, hata yakiwa matupu. Kwa hiyo `"">0` ni TRUE, IF inaruhusu seli tupu ipite, na kuzidisha maandishi matupu kwa 1,000,000 hakuwezekani.

Suluhisho ni kuacha sifuri ndani ya seli na kuficha sura yake tu, kwa umbizo la masharti (conditional formatting). Chagua B3:H9, weka kanuni ya fomula `=AND(ABS($A3)<B$2,B$2>1)`, na umbizo la namba liwe nukta mkato tatu, `;;;`, ambalo huficha chochote kilichomo. Sehemu ya `B$2>1` inalinda mamoja, ili 0 ionekane kama 0. Google Sheets haikubali umbizo la namba kwenye masharti. Huko ipe tarakimu rangi ileile ya seli. Hesabu zote zinaendelea kusoma sifuri halisi.

Desimali: mahali ambapo lahajedwali lenyewe si sahihi

Orodha ya pili ilikuwa na namba zenye desimali zisizozidi mbili, kati yake 1234.3 na 12.78. Safu mbili ziliongezwa, Sehemu za Kumi na Sehemu za Mia. Fomula iliyokuja akilini kwanza ilikuwa kuchukua kilicho nyuma ya nukta na kukizidisha:

`=INT(MOD($A3,1)*10)`

Kwa 1234.3 ilitoa 2.

Excel huhifadhi namba kwa mfumo wa jozi (wa 0 na 1 tu), na 0.3 haina mwisho katika jozi, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika kumi. 1234.3 iliyohifadhiwa iko chini kidogo mno ya 1234.3 halisi. Ukiondoa 1234, upungufu ule mdogo unabaki na sehemu ndogo tu ya namba, hivyo unaonekana: panua desimali za seli na utaona 0.299999999999955. Mara 10 ni 2.99999999999955, na INT inakata hadi 2. Mwanafunzi anaona 3 kwenye namba na 2 kwenye jibu.

Kuweka 0.1 na 0.01 kwenye mstari wa 2 na kuendelea kugawanya nako hakuaminiki, kwa sababu 0.1 yenyewe imehifadhiwa kwa kukadiria. Na kuna mtego wa upande wa pili: ROUND ikiwekwa mahali pasipo pake. `=MOD(ROUND($A3*10,0),10)` kwa 12.78 inakadiria 127.8 kuwa 128 na kutoa 8, wakati sehemu za kumi ni 7.

Kilichofanya kazi ni kuacha desimali kabisa. Namba igeuzwe kuwa hesabu ya sehemu za mia, ikiwa namba nzima, kisha fomula ileile ya mwanzo itumike. Safu K ikapewa:

`=ROUND(ABS($A3)*100,0)`

12.78 inakuwa 1,278, 1234.3 inakuwa 123,430. Mstari wa 2 nao ukapandishwa mara mia: B2 ni 100000000, na kushuka hadi H2 yenye 100 kwa mamoja, I2 yenye 10 kwa sehemu za kumi, J2 yenye 1 kwa sehemu za mia. Tarakimu ni `=MOD(INT($K3/B$2),10)`. Kwa 1,278 sehemu za kumi: 127.8, 127, 7. Sehemu za mia: 8. Kwa 1234.3 sehemu za kumi: 12,343, kisha 3.

Ukaguzi ukawa `=SIGN($A3)*SUMPRODUCT($B3:$J3,$B$2:$J$2)/100=$A3`. Hakuna ROUND upande wa A3, na ni kwa makusudi: mtu akiingiza 12.785, ukaguzi useme FALSE, kwa sababu jedwali hili halina safu ya sehemu za elfu na limekadiria namba yake.

Katika kompyuta zilizowekwa kutumia mkato kama alama ya desimali, fomula hizi zote hutenganisha vipengele kwa nukta mkato badala ya mkato. Fomula iliyonakiliwa kama ilivyo hapa itakataliwa, na kosa si la hesabu.

Namba ambazo si namba

Mistari michache ya orodha ya pili ilitoa tarakimu sahihi lakini ukaguzi ukasema FALSE. Hizo zilikuwa namba zilizobandikwa zikiwa maandishi. Kugawanya na ABS huzigeuza kuwa namba zenyewe, ndiyo maana tarakimu zilitoka vizuri, lakini ulinganisho wa mwisho unapambanisha namba 58310 na maandishi "58310", navyo si kitu kimoja. Nyingine zilitoa #VALUE! kote: zilikuwa na nafasi isiyovunjika, herufi inayoonekana kama nafasi ya kawaida, kati ya maelfu na mamia. TRIM haiondoi nafasi ya aina hiyo. Inaondolewa hivi:

`=VALUE(SUBSTITUTE(A3,UNICHAR(160),""))`

Tengeneza safu safi kwa fomula hiyo, nakili, kisha bandika thamani tu juu ya safu A.

Namba ndefu ni habari nyingine. Excel hushika tarakimu 15. Ya 16 na kuendelea hugeuzwa sifuri mara tu unapobonyeza Enter, na hakuna fomula inayoweza kuirudisha. Namba kama hizo ziingizwe zikiwa maandishi tangu mwanzo, na hapo MID inarudi kazini, safari hii ikihesabu kutoka kulia. Kwa mamia, yaani hatua mbili kushoto mwa mamoja: `=IFERROR(--MID($A3,LEN($A3)-2,1),0)`. IFERROR inashughulikia namba fupi kuliko nafasi inayoulizwa. Matoleo ya zamani ya Excel pia yana mpaka wa MOD: namba ikifika mara 134,217,728 ya kigawanyo, inatoa #NUM!. Kwa kigawanyo 10 hiyo ni 1,342,177,280, na njia ya kukwepa ni kuandika baki kwa kutoa: `=INT(A3/B$2)-10*INT(A3/(10*B$2))`.

Upande wa kushoto kabisa

Jambo la mwisho lilikuwa 12,345,678 katika jedwali la kwanza, lenye safu saba. Fomula yenye MOD inaweka 2 kwenye Milioni, ambayo ndiyo tarakimu sahihi ya nafasi hiyo, lakini 1 ya makumi ya milioni haina pa kukaa. Ukaguzi unasema FALSE. Ukiondoa MOD kwenye safu B peke yake, Milioni inaonyesha 12 na ukaguzi unakuwa TRUE. Kwa ripoti, 12 chini ya Milioni inasomeka vizuri. Kwa jedwali la kufundishia, seli moja ibebe tarakimu moja, kwa hiyo MOD ilibaki, na safu A ikawekewa uthibitishaji wa data: namba nzima kati ya -9999999 na 9999999. Uthibitishaji huo huzuia kinachoandikwa kwa kibodi tu. Kinachobandikwa hupita bila kuulizwa, ndiyo maana safu L haikufutwa jedwali lilipokamilika.